Naumwa viungo, kifua kikuu kimeingiaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina baridi yabisi, nameza methotrexate, lakini asubuhi vidole bado vinakakamaa hata kufunga vifungo vya gauni siwezi. Daktari wangu anataka nichomwe sindano ya kuzuia TNF, ila kwanza nipimwe kifua kikuu. Mbona sikohoi? – Mama Zuhura, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. TNF ni protini ambayo seli za kinga huitumia kuitana, kama mbiu ya mgambo. Kwako mbiu inalia bila adui: seli zinajazana kwenye utando wa kiungo, unavimba, na mwishowe gegedu inayofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe, huliwa. Mwaka 1992, London, watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwapa wagonjwa dawa ya kuizuia TNF, na uvimbe ukapungua. Protini za aina hiyo ziko nyingi na dawa hii huzuia moja tu, kwa hiyo si kila mgonjwa hupata nafuu.

Sasa kifua kikuu. TNF hiyohiyo husaidia kuwazingira bakteria wake waliolala mwilini miaka na miaka bila kikohozi. Ukiizima, wanaweza kuamka. Daktari wako yuko sahihi kabisa! Wakigundulika, utaanza kwanza dawa za kuwadhibiti. Methotrexate usiiache mpaka yeye aseme, na bei ya sindano iulize mapema, ni ghali.