Mtoto kazama kwenye ndoo: dada wa kazi afungwe?

SWALI: Mtoto wa jirani, mwaka mmoja na miezi miwili, alizama kwenye ndoo ya kufulia wakati dada wa kazi akiepua uji. Ndugu wanataka afungwe. Ni haki? – Msomaji, Moshi

JIBU: Poleni sana. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 195, inahesabu kuwa ni kuua bila kukusudia hata pale mtu anapopuuza kwa uzembe wajibu wa kulinda uhai. Adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Lakini uzembe huo lazima uwe mkubwa. Kuepua uji, kwa maoni yetu, hakufikii kiwango hicho.

Mtoto wa umri huo ana kichwa kizito. Akiinamia ndoo ya lita 20 iliyojaa nusu, ndoo haipinduki, naye hawezi kujiinua. Hapigi kelele (wengi hudhani angelia). Sentimita 5 za maji zinatosha.

Nani alimpangia dada huyo kupika, kufua na kulea kwa wakati mmoja? Naye aulizwe. Kumpiga au kumnyima mshahara ni kosa jingine.

Kwenu, mwageni maji mara mkimaliza kufua, pipa lifunikwe kwa mfuniko wa kubana, komeo la bafu liwe juu.