Mbwa jike akimaliza hiti, hapo ndo uanze kumwangalia

Wengi tunaofuga mbwa huku Kampala jike tunamkumbuka akiwa hiti tu, yaani zile siku anatoka damu na kutaka dume, maana madume wa mtaa mzima wanahamia getini na nyumbani hakuna anayelala. Damu ikikata na madume wakiondoka, basi, tumeshasahau. Mimi naona kazi ndo inaanza hapo. Chukua kalenda ya ukutani, andika siku uliyoona damu, na kama amepandwa andika na hiyo pia, manake bila tarehe hata dokta anabaki kubahatisha.

Jike wangu Pendo, shepadi aliyeanza kuzeeka, hakupandwa kabisa ile hiti. Wiki kadhaa baadaye akaanza kunywa maji vibaya, bakuli linaloshinda hadi jioni analimaliza kabla chai haijachemka, anakojoa hadi barazani, na posho yake ya mukene, yaani ugali wa dagaa, hata hanusi. Jirani akasema ni homa ya kupe huyo, mchome sindano tu. Nilipoangalia kalenda nikastuka, nikamwinua mkia, manyoya ya chini yameshikana kwa kitu cha kahawia chenye harufu mbaya. Dokta akaminya tumbo kidogo, akapiga altrasaundi, akasema kizazi kimejaa usaha, anapasuliwa leo leo. Wakatoa kizazi chote na Pendo bado anabweka mpaka sasa.

Dokta alinieleza hivi: jike akishamaliza hiti, awe amepandwa au hajapandwa, homoni ya mimba inakaa juu karibu miezi miwili, ukuta wa kizazi unanenepa, na bakteria waliopanda kutoka nje wanapata pa kuzaliana. Mlango wa kizazi ukiwa wazi utaona uchafu unatoka, ukifunga huoni kitu, tumbo linajaa tu, na huyo ndo yuko hatarini zaidi kwa sababu kizazi kinaweza kupasuka ndani. Vidonge peke yake visikudanganye. Na ile tabia ya kumchoma jike sindano ya uzazi wa mpango ya wanawake ili asiingie hiti, achana nayo kabisa, ni homoni ya ukoo huo huo na inaweza kumletea ugonjwa huu huu. Kama huna mpango wa kuzalisha, atolewe kizazi mapema akiwa mzima, operesheni ya mbwa mzima ni nyepesi kuliko ya mgonjwa, kwa mwili wake na kwa mfuko wako.

Sasa aliye na mimba. Hesabu karibu siku 63 toka apandwe, inaweza kupungua au kuzidi kidogo. Siku za mwisho mpime joto asubuhi na jioni, kawaida ni 38 na kitu, likishuka chini ya 37 tegemea uchungu ndani ya siku moja hivi. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hakuna kitu, au masaa mawili yamepita na unajua kuna wengine ndani, usisubiri. Maji ya kijani kizito yakitoka kabla ya mtoto wa kwanza, kondo la nyuma limeshaachia, hapo ni mbio. Atatokea mtu na sindano ya kuongeza uchungu, muulize kwanza kama amehakikisha njia iko wazi, maana mtoto akiwa amekwama hiyo sindano inaweza kupasua kizazi.

Kalsiamu nayo watu wanapenda kumpa akiwa na mimba eti apate maziwa. Hapana, mwili unazoea kupewa, halafu akinyonyesha unashindwa kuitoa kwenye mifupa. Mama akianza kutetemeka, anahema, anatembea kama miguu imekuwa miti, watoe watoto na umpeleke, hiyo inaua haraka.

Damu inayodondoka nje ya msimu wa hiti pia usiipuuze, kwa mbwa wanaozurura mara nyingi ni uvimbe wanaoambukizana kwa kupandana, na unatibika vizuri kwa sindano za dokta. Mimba ikitoka, vaa glavu kabla hujashika chochote, inaweza kuwa brusela, ugonjwa wa bakteria unaoharibu mimba, na wewe unaweza kuupata.

Kitu kingine watu hawakiwazi ni usafiri. Uchungu unapenda usiku, na boda wengi hawabebi mbwa mkubwa anayelia saa tisa usiku. Ongea na dereva wa gari la kukodi mapema, mwambie wazi kabisa kwamba abiria ni mbwa na kuna damu, wengine watakataa na ni bora wakatae leo. Tandika taulo kuukuu kwenye siti, na watoto waliokwisha zaliwa waende naye ndani ya boksi, na chupa ya maji ya vuguvugu umeifunga kwa kitambaa.