Hapana, mitetemo peke yake haithibitishi gesi

Je, picha za mitetemo zinatosha kuthibitisha kuna gesi chini ya bahari ya kina kirefu? Hapana, mpaka kisima kichimbwe. Picha hizo hupatikana hivi: meli huburuta nyaya za kilomita kadhaa zenye vinasa sauti, hupiga mishindo ya hewa majini, kisha wataalamu huchora mwangwi unaorudi. Gesi mara nyingi hujitokeza kama doa linalong'aa, na mtego uko hapohapo: hata gesi kiduchu iliyochanganyika na maji ndani ya mwamba hung'aa karibu sawa na mwamba uliojaa gesi tele. Doa halikwambii kiasi.

Tazama mifano miwili ya mwaka uleule, 2012. Kenya walichimba kisima cha Mbawa-1 baharini, kwenye bonde la miamba la Lamu, wakakuta gesi kweli, ila haikulipa kibiashara. Tanzania, kisima cha Zafarani, penye maji ya kina cha mita 2,500 hivi, wakapata mzigo wa maana.

Halafu zile futi za ujazo trilioni 57 na ushee zinazotajwa kuwa gesi ya Tanzania ni gesi yote iliyomo ardhini, nchi kavu na baharini kwa jumla. Itakayovunwa ni pungufu ya hapo.