Maswali Yenu: Jina la Faili Lisikudanganye

Nimechagua picha kwenye fomu ya tovuti, `file.type` (aina ya faili ambayo kivinjari huipa JavaScript) inasema image/png, lakini haifunguki. Kivinjari kina kasoro?

Hakina. Swali hili mmeniuliza mpaka nimelikariri. Kivinjari hakichungulii ndani ya faili. Kinatazama herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho kwenye jina, basi. Chukua risiti.pdf uiite risiti.png, nayo `file.type` itakuapia kuwa ni picha. Ukweli uko kwenye baiti za mwanzo, ndizo alama ya faili:

`new Uint8Array(await file.slice(0, 12).arrayBuffer())`

Kwa namba za heksadesimali, PNG huanza na 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A, JPEG na FF D8 FF, PDF na herufi %PDF-. Ile 89 haikuwekwa kwa bahati: kwa hesabu ya kawaida ni 137, inazidi 127, kwa hiyo njia yoyote ya kutuma faili inayokata biti ya nane inaharibu alama na kujulikana papo hapo. 0D 0A nayo hunasa programu zinazobadilisha miisho ya mistari. Walioibuni walishaumwa na nyoka.

Nasoma faili zima kwa `arrayBuffer()`, simu ya mteja inaganda.

Mbona isigande! Unameza video ya GB 2 ili utazame baiti 12? `slice` kwanza. Anayesaka TAR (faili linalofunga mafaili mengi pamoja) ndiye asogee mbele kidogo, maana neno ustar linakaa kwenye baiti ya 257.

Kwa nini DOCX yangu inaonekana ZIP?

Kwa sababu ni ZIP. Baiti 50 4B ni PK, herufi za jina la Phil Katz aliyetoa PKZIP mwaka 1989. XLSX, EPUB, JAR na APK (programu za Android) ni hivyo hivyo. Ingia ndani utafute word/document.xml. Aliyeniandikia "nikiona PK napitisha, ni Word" ajue mlango wake unapokea APK pia.

CSV ina alama gani?

Haina. Ni maandishi matupu.

Nimeshakagua kwenye kivinjari. Seva nayo ikague nini tena?

Kila kitu. Mwenye curl, programu ya kutuma data kwa seva bila kivinjari, anaipita fomu yako bila hata kuifungua. Ukaguzi wa kwenye kivinjari ni wa kumhurumia mteja asichome bando kupakia faili lisilofaa. Wa kwenye seva ndio unaokulinda. Na hata huko, alama sahihi haimaanishi usalama: faili linaweza kuanza na GIF89a kisha JavaScript ikafuata. SVG ndiyo inayonikera zaidi, maana inaruhusiwa kubeba `<script>` na bado watu wanaipokea kwa kuwa "ni picha tu". Picha za watumiaji zitengeneze upya kwenye seva, zipe majina yako mwenyewe, na uzitume na `X-Content-Type-Options: nosniff`, inayokizuia kivinjari kubahatisha aina ya faili.

Nimeweka file-type, maktaba ya kutambua aina ya faili, kutoka npm, `require` inagoma.

Tumia `import`. Imeandikwa kwenye maelezo yake.