Ngano imetoka, sufuria ya jioni imebaki moja

Watu wakisikia mume wangu hali ngano, huuliza, "Sasa shemeji anakula nini?" Na wanauliza wakiwa Mwanza, mji wa ugali na sato! Ana ugonjwa wa siliaki. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, inafanya kinga yake ya mwili iushambulie utumbo mwembamba. Dawa ya kuiponya hakuna, ni kuiacha gluteni maisha yote, hata makombo yake. Mahindi, mchele, muhogo, mtama, ulezi na viazi kwa asili havina gluteni.

Kwa hiyo usimpikie mgonjwa sufuria yake ya pembeni. Akila peke yake kila jioni, baba mwenye nyumba anageuka mgeni. Sisi tunapika kimoja, wote tunanawa, tunakula.

Ugali wetu mara nyingi ni wa muhogo na mtama, sehemu mbili kwa moja. Muhogo unaushika, mtama unaupa ladha. Kazi kubwa iko mashineni. Unga wa mteja aliyetangulia hubaki ndani ya mashine, na kama alisaga unga wa lishe wenye ngano, wako umeshachanganyika. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Kuwahi asubuhi hakusaidii, ya jana bado imo. Mimi nanunua muhogo mkavu na mtama mzima, napeta mwenyewe, napeleka kwa kijana ninayejua anasaga nini. Unga wa lishe uliokwisha kuchanganywa siununui, hata muuzaji aape.

Samaki ndiye rahisi, ila ukimkaanga nyumbani. Wauzaji wengine humpaka unga wa ngano asigande kwenye karai, wengine mafuta yao yalishapika maandazi. Nyumbani mkamulie sato ndimu, tia chumvi, mwache akauke vizuri, kisha mafuta yawe ya moto kwelikweli. Ukitaka ngozi ikwaruze meno, mpake unga wa muhogo. Kwangu huo unaushinda wa ngano hata kama hakuna mgonjwa. Mchuzi wa sangara tunauzitisha kwa karanga za kusagwa, kikombe kimoja kwa kilo ya samaki, moto mdogo, unakoroga usishike chini. Dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la hapa Mwanza, nawaosha mchanga kwa maji ya vuguvugu, nawakausha kwenye kikaango kitupu, ndipo vitunguu na nyanya vifuate.

Viungo vya pakiti, soseji na soya sosi, soma maandishi ya nyuma. Ngano hujificha humo. Pakiti isiyo na maelezo irudishe rafuni. Bia nyingi ni za shayiri, hilo shemeji zangu wamelipokea kwa huzuni.

Chapati? Nilizitoa jikoni. Unga wake unaruka, unatua kwenye mwiko, kwenye sufuria, kila mahali. Zile pakiti za unga maalumu kutoka nje ni ghali, na chapati yake inavunjika ukiikunja, siipendi. Watoto wanapata vitumbua vya mchele, nazi, hamira na iliki, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, badala ya biskuti. Vitumbua nipike mwenyewe, kwani wauzaji wengine huchanganya ngano.

Wewe unayehisi ngano inakusumbua, usianze kwa kuiacha. Kapime kwanza ukiwa bado unaila. Ukiiacha kabla, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha huna tatizo wakati unalo.

Wageni wakija na chapati zao, na wifi yangu haji mikono mitupu, zinakaa kwenye hotpoti yao, meza ya barazani. Anayezila ananawa tena kabla ya kugusa ugali wa sinia. Mwanzoni walinung'unika. Siku hizi wifi anauliza kwanza kama karanga zipo, alete sangara.