Kabla Hujailaumu Inveta ya Gari-nyumba Lako

Inveta yangu ya kwanza, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, niliihukumu bila kuisikiliza. Ilikuwa ya wati 2,000, imefungwa chini ya kitanda cha nyuma, na kila asubuhi nilipowasha birika ilikuwa inalia tii, tii, tii, kisha inazima. Nikiiwasha upya, taa yake ya kijani inarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Simu inachaji, kompyuta inachaji, feni inazunguka. Tatizo ni birika tu. Nikapima betri, mita ikaandika volti 12.7, yaani imejaa. Nikasema basi, mwizi nimemkamata. Nikanunua inveta nyingine kubwa zaidi, nikalala kifudifudi nusu siku nzima kuifunga, mbavu zikaniuma. Kesho yake nikawasha birika. Tii, tii, tii.

Jirani yangu pale kambini alikuwa mzee mmoja aliyezeekea kwenye magari. Alikuwa amekaa nje ya gari lake akinisikia ninavyofoka peke yangu. Akaja, akachungulia, akaniuliza: "Kijana, hiyo 12.7 umeipima birika likiwa limewaka?"

"Hapana, mzee. Nilizima kwanza."

"Basi hujapima bado."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Betri iliyopumzika inakwambia ina akiba kiasi gani, lakini haikwambii kama akiba hiyo inafika inakotakiwa. Waya ulioshikwa na nyuzi tatu tu za shaba utapitisha umeme wa taa ndogo bila shida, na mita itasoma vizuri kabisa. Upe mzigo wa ampea 100 uone.

Na ampea 100 kwenye gari-nyumba si kitu cha ajabu. Hapo ndipo wengi tunapotea, kwa sababu tumezoea umeme wa nyumbani. Birika la wati 1,000 kwenye volti 230 linakula ampea 4 na kitu, waya mwembamba unatosha. Birika hilohilo likipitia inveta ya volti 12 linaidai betri ampea 83, na kwa kuwa inveta nayo inapoteza kama asilimia 10 njiani, hesabu inapanda hadi 92 au zaidi. Volti zikishuka, inveta inavuta ampea nyingi zaidi ili kufidia, na ampea zikiongezeka, volti zinazidi kushuka. Inveta nyingi za volti 12 huanza kulia zikifika karibu na volti 11, na kujizima karibu na 10.5. Kwa hiyo ile milio haimaanishi inveta ni mgonjwa. Inakwambia haishibi.

Siku ile tulipima hivi. Mimi nilikaa na swichi ya birika, mzee akashika mita. Mahali pa kwanza ni kwenye terminali za betri zenyewe, kwenye madini yake ya risasi, si kwenye kibanio cha waya: birika likiwa limewaka tukapata 12.2. Betri imeshuka kidogo kama inavyopaswa, haina kosa. Mahali pa pili ni kwenye boliti za inveta: 10.8, na tayari ilishaanza kulia. Volti 1.4 zimepotea ndani ya nyaya zisizofika mita 3.

Sasa zimepotelea wapi? Hapa kuna ujanja ambao watu wengi wenye mita hawaujui. Acha kupima chanya na hasi pamoja. Weka sindano moja ya mita kwenye terminali chanya ya betri, nyingine kwenye boliti chanya ya inveta, kisha washa mzigo. Mita itakuonyesha volti zilizoliwa na upande huo peke yake. Upande wenye afya unasoma 0.1 au 0.2. Kisha punguza umbali: kutoka betri hadi fyuzi, kutoka mguu mmoja wa fyuzi hadi mwingine, kutoka fyuzi hadi swichi kuu, na kuendelea. Kiungo kimoja baada ya kingine. Upande wa hasi ulitupa 0.2. Fyuzi na waya chanya kwa pamoja 0.1. Swichi kuu ya betri, ile nyekundu ya kuzungusha, 1.1.

"Iguse," mzee akaniambia. Nilipogusa nikarudisha mkono haraka. Volti 1.1 mara ampea 100 ni wati 110, zote zinageuka moto kwenye kiungo kimoja kidogo kuliko kidole gumba. Plastiki ya nyuma ya swichi ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na hapo juu yake kuna ubao wa kitanda na godoro. Nililala juu ya kitu hicho miezi.

Tukazima kila kitu, tukatoa waya wa hasi wa betri, tukafungua nati. Nani alikuwa amefunga swichi hiyo? Sitasema, ila nilimlipa. Alikuwa ameweka washa, kile kibati cha duara chenye tundu, ya chuma kisichoshika kutu *chini* ya jicho la shaba lililo kwenye ncha ya waya, kati ya jicho na bamba la swichi, badala ya kuiweka juu yake chini ya nati. Kwa macho imenyooka, inang'aa, imekazwa. Lakini chuma cha namna hiyo kinapitisha umeme vibaya kuliko shaba kwa kama mara 40, na kila uso unaoongezwa ni mlango mwingine wa kutu na uchafu. Tukaitoa washa, tukasugua jicho kwa msasa laini hadi likawa na rangi ya shaba mpya, tukarudisha: jicho limelala moja kwa moja juu ya bamba, washa juu, nati juu yake. Tukapima tena: 0.05. Birika likachemka bila mlio hata mmoja. Tukanywa hapohapo.

Nimeeleza kirefu kwa sababu tangu siku hiyo, kati ya magari-nyumba niliyosaidia kuangalia, mengi yalikuwa na ugonjwa wa jamii hii: jicho lililobanwa kwa koleo la kawaida badala ya koleo lake, boliti iliyolegea kwa mtikisiko wa barabara, waya wa hasi uliofungwa kwenye chasisi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Ikwangue hadi uone chuma, funga, kisha paka grisi juu ili kutu isirudi. Na ukishafunga, kaza tena baada ya safari ya kwanza ndefu.

Wakati mwingine kosa si kiungo bali unene wa waya. Inveta ya wati 2,000 ikifanya kazi yote inaomba karibu ampea 185. Ukiiweka mita 4 kutoka kwenye betri, umeme unatembea mita 4 kwenda na 4 kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 70 utapoteza kama volti 0.4. Kwa waya wa 16 utapoteza zaidi ya volti 1.5 na utapika chakula juu ya waya. Kanuni ninayoifuata ni kwamba hasara yote isivuke asilimia 3, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa 12. Ni nafuu zaidi kuisogeza inveta karibu na betri kuliko kununua shaba. Ila usiiweke chumba kimoja na betri za tindikali zilizo wazi. Zinapochajiwa zinatoa haidrojeni, na inveta ina cheche zake.

Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyo upande wa inveta inailinda inveta tu. Waya ukichubuka katikati na kugusa chasisi, hakuna cha kuuzuia usiwake.

Kuna tatizo la pili ambalo lilinichekesha baada ya kuniudhi. Betri ilikuwa inaisha usiku bila mimi kutumia chochote. Nikazima taa, friji nikaipeleka kwenye gesi, asubuhi betri 11.8. Kwa betri ya tindikali hiyo ni karibu tupu. Iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au 12.7, na iliyobaki nusu husoma kama 12.2. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeiunganisha inveta ili ilishe soketi zote za gari, na mojawapo ya soketi hizo ndiyo inayolisha chaja ya betri. Betri inaipa inveta, inveta inaipa chaja, chaja inaichaji betri. Umeme unazunguka kama mbwa anayefukuza mkia, na kila mzunguko unapotea kidogo kama joto. Ukiona feni ya chaja inazunguka na hujachomeka umeme wa nje, ule wa kambini, umeshampata. Dawa ni kuiweka chaja kwenye njia yake yenyewe inayopata umeme wa nje tu.

Na hata bila kosa hilo, inveta iliyo macho inakula. Kubwa huweza kutumia wati 20 bila mzigo wowote. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 40 za volti 12. Izime unapolala. Kama huna subira ya kuizima, tafuta yenye hali ya kusinzia.

Umeendesha siku nzima na betri ya nyumba, ile inayolisha vifaa vya ndani na si ya injini, haijajaa? Washa injini, pima betri hiyo ya nyumba. Inapaswa kupanda kupita 13.5. Ikibaki 12.5, umeme wa alternata, jenereta inayozungushwa na injini, haufiki: angalia fyuzi zilizo kwenye ncha zote mbili za waya, kisha relei, yaani swichi ya umeme inayounganisha betri hizo mbili. Ila magari mengi ya kisasa yana alternata zenye akili zinazoshusha volti kwa makusudi betri ya injini ikishajaa. Hapo relei si mbovu; unachohitaji ni chaja ya kuongeza volti kati ya betri mbili.

Wenye betri za lithiamu mna mambo yenu. Volti zake hazisemi ukweli, kwa sababu zinakaa karibu na 13.2 kwa muda mrefu kisha zinaanguka ghafla, kwa hiyo fungeni kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Na betri ikionekana imekufa kabisa, mita ikisoma karibu sifuri, mara nyingi ni kidhibiti chake cha ndani kimejifunga kujilinda. Ipe chaja inayojua kuiamsha kabla ya kuizika. Chini ya nyuzi 0 za Selsiasi haitakiwi kuchajiwa, na betri nzuri itakataa yenyewe.

Kitu kimoja kinazima inveta hata kama nyaya ni nzuri: kompresa ya friji. Inapoanza kuzunguka huweza kudai mara 3 hadi 6 ya wati zilizoandikwa kwenye kibati chake, kwa sekunde moja tu. Inveta ikizima hapo hapo friji inapoanza, bila kulia kwanza, fikiria hilo. Na kama inveta yako ni ya wimbi la ngazi, yaani umeme wake hupanda na kushuka kwa kuruka, badala ya wimbi laini, tanuri ya maikrowevu itaunguruma na kupasha kivivu, na mita ya bei rahisi itakusomea volti pungufu kwa makumi. Niliwahi kumwona mtu akirudisha dukani inveta nzima kwa sababu mita yake ilisema 180.

Unapochomeka umeme wa nje, waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake uukunjue wote. Ukiuacha umejiviringa na kuupa hita ya wati 2,000, ule wa ndani hauna pa kutolea joto na plastiki inayeyuka kimyakimya.

Tahadhari sasa, na hapa sitanii. Vua pete na saa kabla ya kugusa betri. Volti 12 hazikurushi, lakini spana ikigusa chanya na hasi pamoja inageuka nyekundu mkononi mwako. Ukishatoa waya wa betri, subiri dakika kadhaa kabla ya kufungua inveta, kapasita zake bado zina chaji. Usiunganishe kamwe umeme unaotoka kwenye inveta na umeme wa nje kwenye waya mmoja bila swichi ya kuhamisha. Inveta itakufa siku hiyohiyo, na mtu anaweza kuifuata. Na lile suala la kuunganisha nutro, yaani waya wa kurudishia umeme, na ardhi kwenye inveta, ambalo ndilo linaloamua kama breka ya kuzuia mshtuko itaruka au itakutazama ukirushwa, nilimwachia fundi umeme mwenye cheti. Mita na spana nazijua, ila hapo nilikaa pembeni nikamshikia tochi.

Ile inveta ya kwanza niliyoiita mbovu sikuitupa. Ilikaa chini ya kiti cha abiria imefungwa kwenye shuka, hadi feni ya ile mpya iliposagika tukiwa katikati ya safari na ikaanza kujizima kwa joto. Nilihamisha nyaya mbili, nikakaza nati, washa juu ya jicho. Ndiyo inayofanya kazi hadi leo.