Kukomaza bia nyumbani katika joto la Tabora
Ndugu yangu, umeuliza kama chupa zako za bia nyeusi ya Ubelgiji, ulizoziweka kwenye stoo yenye paa la bati ili zikomae, zitaharibika kwa kuwa stoo hiyo huchemka mchana na kupoa usiku.

Kupanda na kushuka kwa joto ndani ya siku moja si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani, kwa sababu bia iliyo ndani ya chupa hubadilika joto polepole kuliko hewa inayoizunguka. Kinachoiumiza ni joto kali linalodumu kwa majuma mengi, kama tulilo nalo Septemba na Oktoba kabla ya mvua, kwa kuwa oksijeni kidogo iliyobaki chini ya kizibo hufanya kazi haraka zaidi kadiri joto linavyoongezeka, harufu ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) hufifia, na hatimaye hubaki ladha ya karatasi iliyolowa.

Zihamishie chumba cha ndani chenye kuta nene na dari, uzisimamishe sakafuni ndani ya kreti iliyofunikwa, mbali na mwanga. Nyuzijoto 10 hadi 13 zinazopendekezwa hutazipata hapa bila friji, lakini 22 zisizoyumba sana zinavumilika kwa bia yenye kilevi cha asilimia 8 au zaidi; itakomaa mapema tu, kwa hiyo onja chupa moja kila baada ya miezi michache. Bia nyepesi za kawaida, kwa maoni yangu, zinywe zikiwa mpya.